Macho mekundu ya bibi: afya, usawa wa kijinsia na amani ya Usukumani

Ukitaja neno "mgogoro", akili ya Mtanzania huvuka mpaka haraka sana. Tunawaza Goma, tunawaza Bujumbura ya miaka ya tisini, tunawaza Sudan. Sisi tumezoea kuitwa kisiwa cha amani, na kwa kipimo cha mizinga na kambi za wakimbizi, jina hilo tunalistahili.

Sasa hebu angalia takwimu hii. Kati ya mwaka 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliripotiwa kuuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi. Karibu sita kati ya kila kumi walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani, eneo ambalo leo limegawanyika katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Simiyu na sehemu ya Geita. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizichambua takwimu hizo kwa kina. Na usidhani ni habari za kale tu: katika miaka ya 2010, ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) ziliendelea kuhesabu mamia ya watu kwa mwaka nchini kote.

Hakukuwa na jeshi la waasi, wala mkataba wowote wa amani uliosainiwa. Silaha ilikuwa panga, muda ulikuwa usiku, na mara nyingi aliyelituma panga hilo alikuwa ndugu wa marehemu.

Katika makala hii nataka tuulize swali moja: afya na usawa wa kijinsia vinahusikaje na amani mahali kama hapa? Jibu la haraka ni "elimu itolewe, watu waache imani potofu". Jibu la utafiti ni refu zaidi, na lina sehemu moja ambayo itakushangaza.

Amani ya aina mbili

Mwaka 1969, msomi wa Norway anayeitwa Johan Galtung alipendekeza tuigawe amani mara mbili. Kuna amani hasi: watu hawapigani, basi. Na kuna amani chanya: watu hawapigani, na pia mfumo wenyewe hauwaui watu polepole.

Fikiria watoto wawili wenye nimonia. Mmoja yuko mjini, anapewa dawa siku ileile, anapona. Mwingine yuko kijijini, zahanati iko mbali na siku hiyo dawa zimeisha, anafariki. Mtoto wa pili hakupigwa na mtu. Lakini kifo chake kiliepukika, na tofauti kati yake na mwenzake ni mahali alipozaliwa tu. Galtung aliita hali hii ukatili wa kimfumo. Watu wa afya ya jamii wana lugha yao: wanasema hapo hakuna usawa wa afya, maana yake kuna tofauti za afya ambazo zingeweza kuzuiwa na hazina haki ndani yake.

Hoja yangu ni kwamba Usukumani aina hizi mbili za ukatili zimefungwa kamba moja. Na ukitaka kuiona kamba hiyo, ingia jikoni.

Moshi mmoja, madhara mawili

Katika simulizi nyingi za mauaji ya Shinyanga na Mwanza, alama ya "mchawi" ni macho mekundu. Bibi mwenye macho mekundu anaogopwa. Sasa swali la kisayansi: macho ya bibi yamekuwaje mekundu?

Tuanze na miti. Wakati wa ukoloni, vichaka vya Usukumani vilifyekwa kwa makusudi ili kuwaondoa mbung'o. Kilichobaki kikamalizwa na mashamba ya pamba, mifugo na kuni. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kurudisha uoto kwa kutumia ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike. Mradi ulisaidia sana, lakini kuni bado ni tatizo. Nyanya yangu kule Kishapu hadi leo anapikia mabua, miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Vitu hivi havina moto mzuri. Vinatoa moshi mwingi kuliko kuni kavu, na jiko la mafiga matatu halina bomba la kuutoa nje.

Moshi huo una chembe ndogo sana pamoja na gesi zinazowasha. Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa midogo ya damu. Utando ukiwashwa, mishipa hutanuka ili kuleta kinga, na jicho linakuwa jekundu. Ikitokea mara moja, litapona. Ikitokea mara tatu kwa siku kwa miaka hamsini, wekundu unakuwa wa kudumu. Ongeza ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ambao unaletwa na bakteria. Mtu akiambukizwa tena na tena, kope huanza kugeukia ndani na kukwaruza jicho. Wanawake hufikia hatua hiyo zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaolea watoto wadogo, na watoto wadogo ndio hasa wanaobeba vimelea. Kwa hiyo macho mekundu ya bibi ni rekodi ya kazi aliyofanya: kupika na kulea.

Lakini subiri, moshi haujamaliza. Wakati bibi au mama anapika, kuna mtoto mgongoni au pembeni. Chembe zilezile zinaingia kwenye mapafu yake, zinadhoofisha vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu na vijidudu kwenye njia ya hewa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema moshi wa majumbani karibu unaongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto chini ya miaka mitano. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa mwaka 2020 uchafuzi wa hewa wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto wadogo zaidi ya 237,000.

Umeona kilichotokea? Jiko lilelile linatengeneza kifo na linamtengeneza mtuhumiwa. Mtoto anafariki ghafla baada ya siku mbili za kuhema kwa shida. Familia inatafuta nani amehusika. Pale pembeni amekaa bibi, macho yamemwiva, na alikuwa na mtoto mchana kutwa.

Swali ambalo zahanati haijibu

Hapa wasomi wengi wa mjini huwa tunakosea. Tunadhani watu wanaamini uchawi kwa sababu hawajui magonjwa. Mwaka 1937, Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alichapisha kitabu kuhusu Wazande waishio kusini mwa Sudan ya wakati ule. Alieleza kwamba ghala la nafaka likiwaangukia watu, Mzande anajua vizuri kabisa kuwa nguzo zililiwa na mchwa. Swali lake ni lingine: kwa nini limeanguka saa ile, wakati ndugu yangu amekaa chini yake?

Yaani kuna maswali mawili. La kwanza ni "kimetokea nini?" La pili ni "kwa nini mimi, kwa nini sasa?" Sayansi inajibu la kwanza. La pili tunaliachia dini, majirani, na wakati mwingine mpiga ramli.

Chukua degedege. Mtoto ana homa, ghafla anakakamaa, macho yanageuka, mwili unatetemeka. Mara nyingi chanzo ni homa kali au malaria iliyopanda kichwani. Lakini kwa familia nyingi za Tanzania, degedege limekuwa jambo la kupeleka kwa mganga kwanza, kwa sababu linatisha na halifanani na "homa ya kawaida". Na ukanda huu una malaria hasa: katika utafiti wa kitaifa wa 2015–16, Geita ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa maambukizi kwa watoto wadogo. Mashimo ya machimbo yaliyoachwa wazi hujaa maji ya mvua, na maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu.

Zahanati iliyo karibu, yenye kipimo cha haraka cha malaria na dawa, inafanya mambo mawili hapo. Kwanza inaokoa mtoto. Pili, inapunguza idadi ya misiba inayohitaji mtu wa kulaumiwa. Vilevile mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua kuhesabu pumzi anaweza kuiona nimonia mapema: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akihema mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akihema mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari. Saa au simu yenye saa inatosha.

Mpaka hapa hadithi inaonekana rahisi, si ndiyo? Boresha afya, misiba ipungue, tuhuma ziishe. Sasa tuone kilichotokea mtafiti alipoijaribu kwa takwimu.

Meatu: mvua ndiyo iliyoamua

Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti aliofanya wilayani Meatu, wakati huo ikiwa ndani ya mkoa wa Shinyanga (leo iko Simiyu). Alikusanya taarifa za vijiji 67: mvua, mavuno, magonjwa ya mlipuko, mauaji ya "wachawi" na mauaji mengine ya kawaida.

Matokeo yake ni haya. Katika miaka ambayo mvua ilipita kiasi, yaani ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine. Mauaji mengine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na wauaji mara nyingi walikuwa jamaa zao.

Na ile sehemu ya kushangaza ni hii: miaka ya milipuko ya magonjwa haikuonyesha ongezeko kama hilo.

Tafakari kidogo. Kama mauaji yangekuwa ni hasira ya msiba tu, mlipuko wa ugonjwa unaoua watoto ungeleta mapanga mengi kuliko ukame. Haikuwa hivyo. Kilichobadilisha mambo ni njaa. Mvua ikiharibika, mavuno yanaanguka, na kaya maskini inalazimika kufanya hesabu mbaya: chakula hiki kinatosha midomo mingapi?

Mimi naisoma hivi. Ugonjwa unaipa tuhuma maneno. Uhaba unaipa nguvu. Na kuna kitu cha tatu kinachoamua panga litaelekea kwa nani. Kitu hicho ni nafasi ya mwanamke katika kaya.

Kwa nini bibi, na si babu?

Babu naye amezeeka. Naye anakula bila kulima sana. Kwa nini basi takwimu zinamwelekea bibi?

Sehemu ya jibu imeandikwa kwenye sheria. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo limehusu makabila mengi ya Bara, linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Isome tena taratibu. Kisheria, mjane hamiliki, anatunzwa. Mwaka wa neema, maneno hayo yanasikika kama heshima kwa mama. Mwaka wa ukame, mtu ambaye fungu lake ni kutunzwa anageuka kuwa gharama.

Shinyanga ilitoa kesi iliyolipima jambo hili hadi Umoja wa Mataifa. Wajane wawili, wanaojulikana kwenye nyaraka kama E.S. na S.C., walifiwa na waume zao, kisha mashemeji wakawaondoa pamoja na watoto kwenye nyumba walizokuwa wakiishi. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria hizo za mila. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kuwa sheria zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa dosari ya nyaraka. Wakapeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaamua kuwa haki zao zilivunjwa, ikaitaka Tanzania ibadilishe sheria hizo.

Ni kweli, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Ni hatua kubwa. Ila bibi wa kijijini haishi ndani ya sheria moja. Anaishi kati ya sheria, ukoo na wanawe. Anapobaki kwenye shamba la marehemu, kila anayelitamani shamba anajua kwamba haki yake juu ya shamba hilo ni dhaifu. Kumwita mchawi ni njia ya mkato ya kumwondoa. Ndiyo maana Kiswahili chetu kina jina zuri la kazi hii: ramli chonganishi. Siyo ramli ya kutafuta ugonjwa, ni ramli ya kugombanisha ndugu. Waganga wengi wanaotibu kwa mitishamba hawahusiki nayo kabisa. Anayehusika ni yule anayeuza jina la mtu.

Dhahabu inapoingia

Tukisogea magharibi, Kahama, Msalala, Geita, Chato, kuna kitu kinaongeza joto. Huko ardhi inaweza kubadilika thamani kwa wiki moja. Dhahabu ikionekana, watu wanamiminika, na katika utaratibu wa wachimbaji wadogo mwenye shamba hupata mgawo wake wa mawe pamoja na mwenye duara na wachimbaji. Shamba la mjane lililokuwa la mihogo jana, leo lina mgawo. Unaweza kukisia mwenyewe mvutano unaokuja ndani ya ukoo.

Uchimbaji pia unaleta uchumi wa bahati. Wachimbaji wawili wanachimba mashimo jirani, kwa jasho lilelile. Mmoja anatoka tajiri, mwingine anatoka na deni. Lile swali la "kwa nini yeye, kwa nini si mimi?" linarudi kwa nguvu. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha soko la hirizi kwa wachimbaji wa dhahabu kaskazini magharibi mwa Tanzania na wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lililoanza kuonekana katika miaka ya 2000. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino aliporwa nyumbani, na mama yake akajeruhiwa kwa mapanga akijaribu kumwokoa. Mtoto alikutwa amefariki.

Angalia muundo ulivyo uleule. Kuna hali ya kiafya inayoonekana kwa macho, ya ngozi au ya jicho. Kuna jamii ambayo haijapewa huduma wala maelezo ya kutosha kuhusu hali hiyo. Kuna fedha au ardhi inayogombewa. Na kuna mwanamke, bibi au mama, aliyebaki peke yake mlangoni.

Ulinzi peke yake hautoshi

Mtu anaweza kusema: basi tuongeze ulinzi. Usukumani tayari ilijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Shinyanga vilianzisha sungusungu ili kukomesha wizi wa ng'ombe na ujambazi. Kwa kazi hiyo walifanikiwa kweli, wakaenea, na baadaye serikali ikawatambua kisheria. Lakini sungusungu hao hao, sehemu nyingine, waliwasaka pia "wachawi", na waliosakwa walikuwa zaidi wanawake. Ulinzi ulioendeshwa na wanaume, kwa tafsiri ya wanaume kuhusu nani ni adui, uliwapa wenye ng'ombe usingizi na kuwanyima wajane usingizi.

Hapo ndipo usawa wa kijinsia unapoacha kuwa kaulimbiu ya semina. Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2000, linadai wanawake washiriki katika maamuzi ya amani na usalama. Wengi tunalisoma kama jambo la mazungumzo ya kimataifa. Usukumani maana yake ni rahisi: wanawake wakae kwenye kamati ya ulinzi ya kijiji, na kwenye baraza la ardhi, kabla tuhuma haijafika.

Nini kimeonyesha matumaini?

Cha kwanza ni pensheni. Miguel alitoa mfano wa kaskazini mwa Afrika Kusini, ambako mauaji ya wanaodaiwa wachawi yalikuwa mengi, kisha yakapungua baada ya pensheni ya uzeeni kuwafikia wazee Weusi kwa kiwango sawa na wengine mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kupungua huko huenda kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini mantiki yake inaeleweka: bibi anayepokea fedha kila mwezi si mdomo wa ziada, ni nguzo ya kaya. Ukimuua, umeua pensheni.

Sisi wenyewe tuna mifano. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Muleba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa posho ndogo wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu yatima. Bara bado hakuna pensheni ya wazee wote, ingawa kaya maskini hupata ruzuku kupitia TASAF.

Cha pili ni jiko. Wilayani Magu, shirika la Maperece kwa kushirikiana na HelpAge liliwafikia wanawake wazee kwa majiko yenye moshi mdogo na nyumba bora, huku likikaa kuzungumza na waganga na sungusungu. Jiko la namna hiyo linafanya kazi mara mbili: macho ya bibi yanapata nafuu, mapafu ya mjukuu pia.

Cha tatu ni matibabu ya wazee wenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Vikope vinatibika, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Bibi aliyetibiwa macho ameondolewa maumivu, na ameondolewa pia ile "alama".

Cha nne ni sheria inayotumika. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, ina mapungufu mengi, lakini inaifanya hatua ya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Maana yake kesi haihitaji kusubiri maiti. Tuhuma yenyewe inaripotiwa.

Ukiviangalia vyote vinne, hakuna kinachomtaka mwanakijiji abadilishe anachoamini kwanza. Imani inaweza kuchukua vizazi kubadilika. Pensheni, jiko, tone la dawa na jina la mjane kwenye hati ya shamba vinaweza kufika kabla ya mavuno yajayo.

Utabiri wa vuli ni taarifa ya usalama

Nimalizie na jambo moja ambalo linanikaa kichwani tangu nisome utafiti wa Meatu. Kama mauaji huongezeka miaka ya mvua mbaya, basi miaka ya hatari tunaweza kuihisi kabla haijafika. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa mvua za vuli kwa mikoa ya Ukanda wa Ziwa Victoria, Shinyanga na Geita zikiwemo, kabla msimu haujaanza. Tunautumia kuchagua mbegu na kuandaa mifereji. Unaweza kutumika pia kuamua ruzuku ziwahishwe kata zipi, wahudumu wa afya wapitie nyumba za akina nani, na mwenyekiti wa kijiji aulize mapema wajane wangapi wanaishi peke yao kwenye mashamba yenye mzozo.

Kwa hiyo ukisikia TMA wakisema mvua zitakuwa chini ya wastani, na una bibi kijijini, piga simu. Uliza chakula, uliza macho, uliza kama kuna maneno yanayozunguka. Na kama yapo, mwambie mtendaji wa kijiji na dawati la jinsia la polisi leo, usisubiri hadi usiku uingie.